Mtoto asiye na tundu la sikio asisubiri upasuaji ndipo asikie

Mama mmoja wa Morogoro ameniandikia. Mtoto wake wa kiume ana miezi minne. Alizaliwa na masikio madogo yaliyojikunja kama ua ambalo halijachanua, na pande zote mbili hakuna tundu. Alikojifungulia aliambiwa mtoto ni mzima, ila habari ya masikio isubiri mpaka afike miaka sita ndipo apasuliwe na kufunguliwa tundu. Jirani naye amemshauri aanze kuchangisha fedha za kile kifaa kinachopandikizwa Muhimbili. Anauliza: “Daktari, nichangishe au nisubiri?”

Mama, usichangishe kwa ajili ya kifaa hicho kwa sasa, na wala usisubiri. Mwanao anahitaji kupimwa mwezi huu. Huenda anachohitaji kwa kuanzia ni kitu rahisi zaidi, ambacho hakina upasuaji wowote.

Kabla sijaeleza, naomba nikiri jambo. Mimi pia niliwahi kumwambia mama asubiri. Nilikuwa daktari mchanga, sina miaka mingi tangu nipate shahada. Aliletwa binti wa wiki sita mwenye tatizo hilohilo, pande zote mbili. Nilifungua kitabu, nikasoma kwamba upasuaji wa kufungua tundu la sikio kwa kawaida haufanywi kabla ya miaka sita hivi, nikafunga kitabu. Sikusoma ukurasa uliofuata. Nikamwambia mama arudi mtoto akikaribia kuanza shule.

Alikuwa mama mtiifu. Alirudi binti ana miaka saba, amevaa sare ya shule iliyokuwa imemrudisha nyumbani kwa sababu “haelewi”. Safari hii nilikuwa nimejifunza kidogo. Nilichukua kile chuma chenye meno mawili tunachokigonga kikatetemeka, nikaweka kitako chake kwenye mfupa nyuma ya sikio lake. Alishtuka, akamtazama mama yake, akacheka. Nikakiondoa, akanishika mkono nikirudishe. Sehemu ya ndani ya masikio yake ilikuwa inafanya kazi, na ilikuwa hivyo tangu siku nilipomwona ana wiki sita. Maneno aliyokuwa nayo hayakufika ishirini, tena mengi aliyaelewa mama yake peke yake. Baadaye alipata kifaa na leo anasikia vizuri. Kuongea kwake hakujalingana na kusikia kwake.

Ndiyo sababu ninaandika safu ya leo kwa ukali kidogo kuliko kawaida yangu.

Sikio lina sehemu tatu. Sehemu ya nje ni lile tunaloliona pamoja na tundu lake. Sehemu ya kati ina ngoma ya sikio na vifupa vitatu vidogo vilivyoshikana kama mnyororo. Sehemu ya ndani ina koklea, kiungo chenye umbo la konokono, kidogo kuliko punje ya harage, kilichojaa maji na vinyweleo laini. Sehemu mbili za kwanza kazi yake ni kuchukua sauti kutoka hewani na kuifikisha kwenye koklea. Koklea ndiyo inayogeuza mtetemo kuwa ujumbe wa neva unaokwenda kwenye ubongo.

Sasa, koklea imezikwa ndani ya mfupa mgumu wa fuvu. Mfupa ukitetemeka, nayo inatetemeka, na haijali mtetemo umefika kwa mlango gani. Jaribu mwenyewe: ziba masikio yote mawili kwa vidole kisha tafuna karanga mbichi au kipande cha muwa. Kelele utakayoisikia haikupita tunduni. Imepita kwenye meno, taya na fuvu. Hata sauti yako unapoongea, sehemu yake unaisikia kwa njia hiyo, na ndiyo maana ukijisikiliza kwenye simu iliyorekodiwa unadhani si wewe.

Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa bila tundu, mara nyingi sana, ana mlango uliozibwa huku mwenye nyumba yumo ndani, mzima, anasubiri kubishiwa hodi. Usikivu anaopoteza kwa kuzibwa huko hufika kama desibeli 60 hivi. Kwa lugha ya nyumbani, mazungumzo ya kawaida hayasikii, ila mlango ukibamizwa au ukimwita kwa kelele karibu naye, anageuka. Hapo ndipo wazazi wengi hudanganyika. “Mbona nikipiga sahani anashtuka?” Anashtuka, ndiyo. Lakini hakuna mtoto anayejifunza Kiswahili kwa kusikiliza sahani.

Kipimo kinachotenganisha mambo haya hupima kwa njia mbili. Kwanza sauti hupitishwa kwa hewa, kupitia spika za masikioni. Kisha hupitishwa kwa mfupa, kupitia kitetemeshi kidogo kinachowekwa nyuma ya sikio. Kama njia ya hewa ni mbaya na njia ya mfupa ni nzuri, koklea ni nzima. Mtoto mchanga asiyeweza kuinua mkono na kusema “nimesikia” hupimwa akiwa amelala, kwa waya ndogo zinazobandikwa kichwani kusoma jinsi neva na ubongo vinavyoitikia sauti. Hapo pia yapo mawimbi ya hewa na ya mfupa. Mzazi, ukipewa majibu ya mtoto asiye na tundu ambayo yamepimwa kwa njia ya hewa tu, uliza kwa adabu: “Na kwa mfupa je?” Bila hiyo nusu ya pili, neno “kiziwi” linaweza kuandikwa kwenye faili la mtoto ambaye koklea yake haina kasoro yoyote.

Koklea ikithibitika kuwa nzima, mtoto huvalishwa mkanda laini kichwani wenye kifaa kidogo kinachonasa sauti na kuigeuza kuwa mtetemo. Kifaa kinagusa ngozi nyuma ya sikio au kwenye paji la uso, basi. Hakuna kisu, hakuna dawa ya usingizi. Mtoto anaweza kuanza kuvaa akiwa na miezi michache tu. Viko pia vinavyobandikwa kwa gundi maalumu nyuma ya sikio badala ya mkanda. Kasoro yake ni kwamba ngozi na nywele hupunguza mtetemo kidogo, hasa zile sauti nyembamba kama “s” na “f”, ambazo ndizo zinazotenganisha “saa” na “taa”. Kasoro hiyo inavumilika. Ukimya wa miaka sita hauvumiliki.

Nasema hivyo kwa sababu ubongo wa mtoto hauweki akiba ya muda. Njia za kusikia na za lugha hujengwa katika miaka ya mwanzo kwa kutumia sauti zinazoingia. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake walichapisha utafiti wao wa Colorado, Marekani, ulioonyesha kwamba watoto wenye upungufu wa kusikia waliogunduliwa kabla ya miezi sita ya umri na kupewa msaada walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baada ya hapo. Tangu hapo wataalamu wanasisitiza hesabu rahisi: mtoto achunguzwe kabla ya mwezi mmoja, ajulikane tatizo kabla ya miezi mitatu, aanze kusaidiwa kabla ya miezi sita. Mtoto wa Morogoro ana miezi minne. Bado yumo ndani ya muda, na ndiyo maana sitaki apotezewe hata wiki.

Basi vya kupandikiza vinaingia wapi? Vina historia tamu kidogo, mniruhusu. Katika miaka ya 1950 daktari wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aliweka vyombo vidogo vya titaniamu kwenye mifupa ya sungura ili achunguze mtiririko wa damu. Alipotaka kuvitoa vikagoma. Mfupa ulikuwa umeishika titaniamu na kukua nayo kama kitu kimoja. Mwaka 1965 akaanza kutumia jambo hilo kushikiza meno ya bandia. Kisha mwaka 1977, kule Göteborg, daktari wa masikio Anders Tjellström alipachika skrubu ya titaniamu kwenye mfupa nyuma ya sikio la mgonjwa na kuning’iniza juu yake kifaa cha kutetemesha. Kabla ya hapo watu wa namna hii walibanwa vichwa na mikanda ya chuma iliyowaumiza, au walivaa miwani yenye vitetemeshi kwenye mikono yake.

Skrubu yenyewe ni fupi, kama milimita tatu au nne tu. Haifiki kwenye ubongo. Hofu hiyo naiulizwa kila mara. Baada ya kuiweka, mfupa hupewa muda wa kuishika, wiki kadhaa kwa mtu mzima na miezi kwa mtoto ambaye mfupa wake bado ni mwembamba. Hiyo ndiyo sababu watoto wadogo hawawekewi: Marekani umri wa chini ni miaka 5, na kwa baadhi ya vifaa ni zaidi ya hapo. Aina ya zamani ina kikuta kidogo kinachotokeza nje ya ngozi. Hupitisha sauti vizuri sana, lakini pale kinapotokeza panahitaji kusafishwa kila siku kwa maji na sabuni, na pakipuuzwa ngozi huvimba na kutoa usaha. Kwa watoto wanaocheza mpira na kuanguka, skrubu nyingine hulegea na kung’oka. Aina mpya hufichwa yote chini ya ngozi. Ndani kuna kitetemeshi, nje kuna kipokea sauti kinachoshikwa na sumaku. Bonebridge, kilichoanza kutumika mwaka 2012, ni mfano mmojawapo. Ngozi haibaki na kidonda. Ila mwenye sumaku kichwani lazima aseme kabla ya kuingizwa kwenye mashine ya MRI, maisha yake yote, na kadi ya kifaa isipotee.

Viko pia vinavyogusa vifupa vya sikio la kati moja kwa moja na kuvitikisa. Maarufu zaidi alikibuni Geoffrey Ball, ambaye mwenyewe alipoteza usikivu utotoni, na baadaye akapandikizwa alichokibuni. Hivyo nitaviachia siku nyingine.

Sasa lile la jirani. Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya koklea mwaka 2017, na watoto ambao awali walilazimika kusafirishwa India sasa wanahudumiwa hapa. Ni kazi ya kujivunia. Lakini kifaa kile ni cha mtoto ambaye koklea yake ndiyo iliyoharibika. Waya wake huingizwa ndani ya koklea na kuamsha neva kwa umeme. Kumwekea mtoto mwenye koklea nzima ni sawa na kubomoa ukuta wa chumba kizuri kwa sababu mlango wa sebuleni umekwama. Magonjwa mawili tofauti, vifaa viwili tofauti, na jina moja la mtaani, “mashine ya kusikia”. Familia zinauza mashamba kwa ajili ya jina. Pimeni kwanza.

Wapo na wengine ambao mlango wao wa mfupa uko wazi na hawajui. Mtu ambaye sikio limekuwa likitoa usaha miaka nenda rudi hushindwa kuvaa kifaa cha kawaida, kile mnachokiita shime sikio, kwa sababu kile huziba tundu, unyevu hukaa ndani na usaha huzidi. Kifaa cha mfupa huliacha tundu wazi lipate hewa. Lakini hapa nitoe onyo: kifaa hakiponyi sikio. Usaha usiokoma, hasa wenye harufu mbaya, unaweza kuwa dalili ya uvimbe wa ngozi unaokua ndani ya sikio la kati na kula mfupa taratibu. Huo unahitaji upasuaji, na ukiachwa unaweza kufika kwenye neva ya uso au kwenye ubongo. Na tafadhali, mafuta ya taa, maziwa ya mama na maji ya majani yabaki huko yanakotumika. Sikio la mtoto linalotoa usaha hukaushwa kwa kitambaa safi kilichosokotwa na kutiwa dawa ya matone aliyoandika daktari.

Yupo na mtoto mwenye sikio moja zuri na jingine lisilo na tundu. Hawa ndio wengi zaidi, na mara nyingi sikio lenye kasoro ni la kulia. Huyu ataongea, kwa kuwa anasikia na lile moja. Tabu yake ni darasani kwenye watoto themanini, na barabarani ambako hajui bodaboda inatoka upande gani. Kwa huyu kifaa kina faida lakini si dharura kama kwa wa pande zote mbili. Akae mbele darasani, sikio zuri likielekea kwa mwalimu, na hilo sikio zuri lilindwe kama mboni ya jicho. Mafua yakilishika na likaanza kuuma, atibiwe siku hiyohiyo.

Nije kwenye fedha, kwa kuwa najua ndiko barua zenu zitakakoelekea. Vifaa hivi ni ghali. Cha kupandikiza ni mamilioni ya shilingi, na hata cha mkanda kinaizidi mishahara ya wengi wetu, bila kuhesabu betri. Nimeona familia ambayo bima yake ilikuwa tayari kulipia kitanda, maabara na upasuaji, lakini si kifaa ambacho kingemfanya mtoto asikie bila kitanda wala upasuaji. Kifaa kilihesabiwa kama pambo. Shirika la Afya Duniani liliviweka vifaa vya kusaidia kusikia na betri zake kwenye orodha yake ya vifaa saidizi vya kipaumbele tangu mwaka 2016, pamoja na viti vya magurudumu na miwani. Hapa kwetu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wanaopanga vitita vyake wana nafasi ya kuandika mstari mmoja unaosema mtoto mwenye koklea nzima na masikio yaliyozibwa pande zote mbili apewe kifaa cha mfupa cha mkanda kabla ya miezi sita. Watoto hao si wengi. Mstari huo hautafilisi mfuko wowote.

Na lipo ambalo halihitaji hata fedha hizo. Upungufu mwingi wa kusikia kwa watoto wachanga hauonekani kwa macho. Unahitaji mashine ambazo wodi nyingi za wazazi hazina. Huu unaonekana. Mkunga anauona kabla hajakata kitovu. Lakini kwa sababu tumezoea kuuhesabu kama suala la sura, mama anafarijiwa, anaambiwa mtoto atapendeza tu akikua, anaruhusiwa kwenda nyumbani. Ninawaomba wakunga na madaktari wa wodi za wazazi: mkimwona mtoto wa namna hii, andikeni rufaa ya kupimwa usikivu siku hiyohiyo, kama mnavyoandika kwa mtoto mwenye mguu uliopinda. Urembo wa sikio unaweza kusubiri hadi miaka saba au kumi, pale mbavu zinapokuwa na gegedu la kutosha kuchongea sikio jipya. Kusikia hakusubiri.

Na kwa vile sikio jipya huenda likachongwa siku moja, mzazi, mtoto akija kuwekewa skrubu kabla ya hapo, hakikisha daktari wa skrubu na daktari wa kurekebisha sura wameongea. Skrubu ikiwekwa mahali pasipofaa, au kovu likipita pale ambapo sikio litakaa, wa pili hukuta uwanja umeshachimbwa. Uliza pia kuhusu lile la kufungua tundu. Upasuaji huo upo, na kwa baadhi ya watoto unafaa, lakini picha ya CT ndiyo inayoonyesha kama sikio la kati limeumbika vya kutosha, na tundu lililofunguliwa lina tabia ya kusinyaa tena. Wengi waliofanyiwa bado huhitaji kifaa. Picha hiyo nayo si ya kukimbilia kwa mtoto wa miezi minne, maana haibadilishi kitu leo na mionzi si maji.

Mama wa Morogoro, hatua yako ni hii. Nenda hospitali ya mkoa ukaombe rufaa ya kwenda kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Muhimbili, KCMC na Bugando wapo. Kwako Dar es Salaam ndiko karibu. Kabla hujapanda basi, piga simu kuuliza kama kipimo cha usikivu kwa njia ya mfupa kwa mtoto mchanga kinafanyika siku hiyo. Mwombe daktari achunguze na taya, kaakaa na figo, kwa kuwa masikio ya namna hii mara nyingine huja na kasoro nyingine. Wakati unasubiri, ongea naye karibu kabisa na kichwa chake, mwimbie huku umemlaza kifuani ili mtetemo wa kifua chako umfikie, na kama kuna mtu anayejua lugha ya alama mtaani kwenu, jifunzeni. Haitamzuia kuongea.

Siku ya kipimo usimlaze asubuhi wala usimnyonyeshe ukiwa njiani, labda alie sana. Mfikishe akiwa na njaa na usingizi, umnyonyeshee kwenye chumba cha kipimo mpaka asinzie mikononi mwako. Waya haziumi. Akiamka katikati, kipimo huanza upya, kwa hiyo zima simu yako.